Fremu ya Kiritiri

Katika duka letu la baiskeli mjini Embu, swali la kwanza la mteja huwa si bei. Bei ataifikia baadaye, akiwa ameshajitayarisha kulalamika. Kwanza huizunguka baiskeli kimya kimya, mikono mgongoni, kama mjomba anayekagua mbuzi wa mahari. Kisha huinama, akaigonga fremu kwa kifundo cha kidole, akasikiliza, akagonga tena. Akiridhika na mlio, huinua gurudumu la mbele na kuliachia lidunde sakafuni. Ndipo hunigeukia na kuuliza, "Mama, hii ni ya wapi?"

Nimeuza baiskeli tangu nilipoolewa, maana duka lilikuwa la mama mkwe wangu, na yeye hakuwa mtu wa kumwacha mke wa mwanawe akae bure. Majibu ya swali hilo nayajua yote. Ukisema India, uso hufunguka. Ile baiskeli nyeusi, nzito, yenye paipu ya juu iliyonyooka, ndiyo waliyoipanda baba zetu, na mtu akiiona humkumbuka babake akirudi jioni na gunia nyuma. Ukisema Uchina, hutikisa kichwa kabla hata hajajua anatikisia nini, ingawa simu yake, viatu vyake na mwavuli wa mke wake vyote vimetoka huko huko. Ukisema ni mtumba wa Uingereza, huuliza kama ina gia, kisha huuliza gia zikiharibika nani atazitengeneza, kisha huirudia ile ya India.

Sikuwalaumu kwa hilo. Kwetu hakuna anayenunua baiskeli ya kwenda matembezi. Hapa mlimani itateremka na ndizi, maziwa na magunia ya kahawa, na kule chini Mbeere itabeba mitungi ya maji na makaa kwenye mchanga. Fremu ikikatika katikati ya mteremko, si fremu peke yake itakayovunjika. Kwa hiyo hofu yao niliielewa. Nilichoshindwa kukielewa kwa miaka mingi ni walichokifanya wakishanunua.

Baiskeli mpya kwetu haipandwi. Husukumwa. Mtu akilipa huitoa dukani kwa mkono, plastiki bado zimezungushwa kwenye fremu, na kuisukuma moja kwa moja hadi kwa fundi wa kuchomelea. Tunasema baiskeli mpya ni mbichi, lazima ipikwe. Fundi huiongezea paipu nyingine chini ya ile ya juu, huitia vyuma vya kuishikilia foki ya gurudumu la mbele, na huing'oa keria iliyokuja nayo na kuitupa pembeni kwa dharau, kisha huchomelea nyingine ya nondo inayoweza kumbeba mtu mzima na mbuzi wake. Stendi nayo hubadilishwa. Mwenye baiskeli husimama hapo wakati wote, akishika huku, akielekeza kule. Yule yule aliyenunua kwa sababu ni ya India humwambia fundi, "Hawa watu walijaribu, lakini hawakumaliza." Wala haoni ajabu yoyote.

Na katika mafundi wote wa kupika baiskeli, kutoka Embu mjini hadi kule chini, aliyesifiwa kuliko wote alikuwa mdogo wangu, kitinda mimba wa mama yetu, mwenye kibanda cha mabati kando ya barabara pale Kiritiri.

Nisije nikamfanya malaika. Mdogo wangu ana majivuno. Akimaliza kazi hurudi nyuma kidogo, akaitazama, akasema kwa sauti ili hata wapita njia wasikie, "Hii mtu akiniambia imekatika, nitamuuliza aligongwa na lori gani." Mteja akimharakisha, huzima mashine na kwenda kunywa chai. Ni mwimbaji wa besi katika kwaya ya kanisa, na anapochomelea huimba besi hiyo peke yake, bila sauti nyingine za kuikamilisha, hivi kwamba ukipita barabarani huwezi kutofautisha mngurumo wa mashine na mngurumo wake. Tangu utotoni nimegombana naye kuliko nilivyogombana na mtu mwingine yeyote duniani, mume wangu akiwemo.

Lakini mshono wake wa chuma! Nimeona mishono ya mafundi wengi, kwa sababu baiskeli zilizokatika huletwa kwangu kwanza ili nilaumiwe. Wengi chuma chao hutoka na vinundu kama uji usiokorogwa. Wa mdogo wangu hulala kando ya paipu mwembamba, sawasawa, mwanzo hadi mwisho, na huoni mahali mkono ulipopumzika. Kila nikienda kwake hupitisha kidole juu ya mshono ambao haujapakwa rangi. Hukasirika na kusema jasho langu litaleta kutu. Nami huupitisha tena.

Fremu yake ya kwanza aliitengeneza bila kukusudia. Jirani yetu mmoja, mzee mwenye mbuzi wengi na maneno mengi zaidi, alikuwa na baiskeli ya India aliyoinunua zamani. Ikakatika paipu ya kiti, mdogo wangu akaibadilisha. Baadaye ikakatika ya chini. Kisha za nyuma, zile nyembamba zinazoshika gurudumu. Kisha mzee akaingia nayo shimoni na kupinda sehemu yote ya mbele. Siku moja mdogo wangu alipokuwa akiipaka rangi upya akagundua kwamba katika fremu ile yote hapakuwa tena na kipande kilichotoka India, isipokuwa kile kibati chenye nembo hapo mbele, na hata hicho alikuwa amekichomelea yeye. Akamwita mzee kwa furaha, akamwonyesha paipu baada ya paipu. Mzee akasikiliza hadi mwisho.

"Ndio maana hii baiskeli haijawai nisumbua," akasema. "Vitu ya India ni ngumu."

Akaipanda, akaenda zake.

Mdogo wangu alicheka siku ile yote. Kisha akaacha kucheka, nikajua kuna jambo limemwingia. Akanunua paipu mpya, akajitengenezea meza ya chuma ya kuzibana zisipinde moto ukizishika, akaanza kuunda fremu kutoka mwanzo. Aliniambia kwenye simu kwamba kama ameweza kutengeneza baiskeli nzima ya mtu anayedhani ni ya India, ataweza kutengeneza ya mtu anayejua ni ya Kiritiri.

Alikosea hapo. Kujua ndiko kulikokuwa tatizo.

Mambo hayo yalitokea wakati ambapo nyumbani walikuwa wanataka aache kazi ile. Pikipiki zilikuwa zimechukua abiria wote, baiskeli zimebaki za mizigo tu, na kibanda kilikuwa na siku za kujaa na siku za kukaa kitupu. Binamu yetu anayefanya kazi katika shule moja huko Kaaga, Meru, alikuwa amemtafutia kazi ya getini. Mama alifurahi sana. Mshahara wa kila mwezi, nyumba ya kuishi, yunifomu, kanisa karibu, na shule za watoto kila upande. Mke wa mdogo wangu alikuwa ameanza kupanga ni vyombo gani watabeba. Mimi sikuwa na hoja hata moja ya kupinga. Nilikuwa na hasira tu, kwamba mikono ile itakuwa ikifungua geti na kulifunga, kulifungua na kulifunga.

Tulikuwa tumekaa kwa mama tukinywa chai mdogo wangu alipotoa uamuzi wake. Alisema ataenda Kaaga shule zikifunguliwa Januari. Ila kwanza baiskeli moja yenye fremu yake itawekwa dukani kwangu. Akija mtu asiye wa ukoo wetu, akaambiwa imetoka Kiritiri, na akaichukua hivyo hivyo, basi hataenda popote. Mtu huyo asipopatikana, atauza mashine.

"Na usiwaambie ni ya India," akaniambia. "Nakujua, dada. Ukiona mtu anataka kutoka bila kununua, unakuwa mwingine."

"Mimi sijawahi kudanganya mteja."

"Ndio nasema usianze na mimi."

Mama akasema tunywe chai, inapoa.

Baiskeli yenyewe ilikuwa ya kijani kibichi, rangi ya majani ya chai baada ya mvua. Ilikuwa imepikwa tayari, paipu mbili juu, keria ya nondo, stendi pana, kila kitu. Chini, pale pedeli zinapopita, alikuwa amegonga herufi moja moja kwa nyundo: KIRITIRI. Nikaiweka mlangoni, mbele ya zote za India, na kila asubuhi nikaifuta vumbi kabla ya kufuta kitu kingine chochote.

Watu waliipenda, na hilo ndilo lililoniumiza. Waliigonga, wakasikiliza, nyuso zikafunguka. Mfanyabiashara mmoja kutoka upande wa Meru, mwenye koti zuri, aliiinua, akaizungusha, akaniambia hajaona fremu iliyonyooka namna ile miaka mingi. Akauliza ni ya wapi. Nikamwambia.

"Kiritiri?" Akacheka, si kwa ubaya. "Mama, Kiritiri kunatoka mbuzi na makaa."

"Na hii."

"Hii ni jua kali tu, ya kibandani," akasema, akaiweka chini polepole, akajifuta mikono kwa kitambaa. Nilimwambia mikono yake haikuwa imechafuka. Hakununua kitu siku hiyo, na sijutii.

Mwingine nilidhani nimempata. Alikuwa kijana mwenye sauti ya nyumbani kabisa, nikamwambia kwa fahari kwamba imetengenezwa Kiritiri. Akarudi nyuma hatua.

"Mimi mwenyewe ni wa Kiritiri," akasema. "Najua watu wetu."

Hata yule jirani mzee wa mbuzi, alipokuja mjini, aliingia dukani kunisalimia, akaitazama, akaisifu. Nikamuuliza mbona asiinunue. Akanionea huruma. "Mimi niko na ya India," akasema.

Kila wiki mdogo wangu alinipigia simu. "Bado iko?" Nikisema iko, yeye alisema "sawa" na kukata. Afadhali angetukana. Ile "sawa" ilikuwa ya mtu anayefunga mizigo.

Krismasi ilikuwa imekaribia mchuuzi wa maziwa wa Manyatta, kule juu mlimani, alipoingia. Alikuwa mtu wa makamo, mwembamba, mwenye miguu ya kazi, aliyenunua baiskeli kwangu zamani na kuitumia hadi ikaisha. Tukasalimiana Bwana asifiwe, tukaulizana za watoto. Akaizunguka ile ya kijani, akaigonga, akauliza ni ya wapi, nikamjibu. Akatikisa kichwa kwa heshima, kama mtu aliyeambiwa jina la mgonjwa asiyemfahamu. Akachagua ya India. Tukakubaliana, na alipokuwa akiisukuma kuelekea mlangoni akageuka.

"Mama, kuna fundi wanasema yuko Kiritiri, mkali sana. Watu wa maziwa wote wanapeleka kwake. Unajua kibanda yake iko upande gani?"

Hapo nikapandwa na hasira ambayo nilikuwa nimeifuga wiki nyingi. Nikatoka nyuma ya kaunta. Nikamwambia kwamba fundi huyo ni mdogo wangu, tumbo moja. Nikamwambia kwamba ile ya kijani aliyotoka kuikataa ni kazi ya mikono hiyo hiyo anayoitafuta. Kwamba anataka kuisukuma baiskeli ya India hadi Kiritiri ili ikafanywe ya Kiritiri, na ya Kiritiri anaipita mlangoni kwangu kana kwamba ina ukoma. Nilisema mengine pia. Wateja wawili waliokuwa dukani wakajifanya wanaangalia kengele.

Mchuuzi wa maziwa hakukasirika. Alisimama ameshika usukani, akafikiri kweli kweli, na hiyo ndiyo sababu ninamheshimu hadi leo.

"Lakini hii imeisha kutengenezwa," akasema mwishowe, akionyesha ile ya kijani. "Na mimi sikuwepo. Ilipikiwa mtu gani? Fundi hata hajaniuliza nabeba nini."

Nilikuwa nimesimama katika duka lile karibu maisha yangu yote ya ndoa, nikiulizwa ni ya wapi, nikitaja nchi. Watu hawa walikuwa wanajua kabisa kwamba wenye viwanda vya mbali hawawafahamu. Ya India waliichukua kwa sababu ilikuja mbichi, ikawaachia nafasi ya kwenda kusimama kwa fundi na kusema barabara yao ilivyo. Mdogo wangu, kwa majivuno yake, alikuwa ameimaliza yake kila kona, akaileta imefungwa mdomo.

Nikampigia simu pale pale. Nikamwambia nimempata mchuuzi wa maziwa, baiskeli inarudi Kiritiri na atakata keria, atakata paipu ya pili, na pengine atakata zaidi.

"Nikate kazi yangu?" akasema. "Kwa sababu ya mtu wa maziwa?"

"Muulize anabeba nini."

"Dada, wacha mchezo."

"Muulize."

Nikasikia mbuzi wakilia upande wake. Kisha akasema, kwa sauti ya kununa, "Mpe simu."

Walizungumza hadi simu yangu ikapata joto. Mchuuzi alieleza njia yake yote, akichora hewani kwa mkono ulio huru: mteremko wa kuelekea mtoni ambako breki hulia, kona yenye mawe, ule mwinuko wa kwenye kahawa ambapo hushuka na kusukuma. Alieleza mikebe yake ya maziwa, jinsi inavyoning'inia pande zote mbili na kumgonga visigino akikanyaga pedeli. Hilo la visigino walilizungumzia muda mrefu. Nilijua mdogo wangu amevutiwa kwa sababu hakuwa anajisifu. Alipokata simu, mchuuzi aliirudisha ile ya India mahali pake bila kuambiwa.

Nilifunga duka siku ya kazi, jambo ambalo mama mkwe wangu angelisimulia hadi kaburini, nikaenda Kiritiri na mchuuzi na ile ya kijani. Nilitaka kuona.

Mdogo wangu alikuwa amechukia, na alipowasha grinda kukata ile keria aliyoitengeneza mwenyewe alikaza taya nikadhani atavunja jino. Lakini alikata. Akamsimamisha mchuuzi ukutani, akampima mguu kwa kipande cha nondo. Akamwuliza tena juu ya mteremko. Kisha akakata kitu ambacho mimi sikuwa nimekitaja, sehemu yote ya mbele, na kuilaza upya ili gurudumu la mbele lisogee mbele kidogo. Alisema mtu anayeteremka kila asubuhi na maziwa ya watu lazima gurudumu limtangulie, lisije likamgeukia. Nyuma akaongeza urefu, ili visigino vipate nafasi na mikebe ikae chini zaidi. Alifanya hayo bila kuimba. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona akifanya kazi bila kuimba.

Mchuuzi alipewa paipu ashike, mikono imefungwa matambara yenye maji, uso umegeuzwa. Cheche zilipoanza alitetemeka mwili mzima, lakini hakuachia. Mdogo wangu akampigia kelele ashike sawa, naye akashika sawa kadiri alivyoweza. Nilipoona mshono wa kwanza unapoa kutoka mwekundu hadi kijivu, umelala pale kama siku zote, macho yalinijaa. Nikasema ni moshi, na kwa kweli moshi ulikuwepo.

Ilipakwa rangi, ikaachwa ikauke, na mchuuzi akarudi kuichukua. Aliipanda akaenda hadi barabarani, akarudi, akashuka, hakusema neno, akaipanda tena. Nilikuwa tayari kupiga vigelegele. Ndipo akaigeuza juu chini kuangalia pedeli, akaona zile herufi.

"Fundi," akasema, "si ungeandika Manyatta? Ndiko itakaa."

"Itakaa Manyatta," mdogo wangu akajibu, "lakini imezaliwa hapa."

"Watu watanicheka huko. Wanajua Kiritiri ni ya mbuzi."

"Wacheke."

Mchuuzi akalipa, akashukuru, akasema labda nyumbani kuna rangi nyeusi kidogo imebaki, akaondoka. Nilimkumbatia mdogo wangu. Yeye alikuwa amesimama kama mlingoti, akiangalia barabara.

"Haihesabiki," akasema.

"Isihesabike vipi? Si wa ukoo wetu, amejua ilikotoka, amelipa."

"Nilisema aichukue hivyo hivyo. Huyu ataipaka rangi. Akiulizwa atasema ni ya India kama wengine."

Tukagombana hapo barabarani hadi watu wa mbuzi wakasimama kusikiliza. Nilimwita mwenye kichwa kigumu, nilimwita mengine ambayo mama hapendi niseme. Hakubadilika. Ila moyoni nilijua ana haki. Alichokuwa ametaka hakikuwa mnunuzi, alitaka mtu asiyeona haya. Mwaka mpya ulipoingia, mtu wa Runyenjes alikuwa ameshakubali kuja kuiona mashine, na yunifomu ya Kaaga ilikuwa imeletwa, imekunjwa ndani ya mfuko juu ya kabati la mama.

Siku chache kabla ya shule kufunguliwa, akina mama wa kanisa letu tulipanda Manyatta kumwona mwenzetu aliyejifungua. Tulibeba njahi, yale maharagwe meusi ya wazazi, unga wa uji na nguo za mtoto. Tulipokaribia pale watu wa maziwa wanapokutania asubuhi, niliona kikundi cha wanaume kimezunguka kitu, na katikati yao rangi ya kijani ninayoijua. Nikawaambia wenzangu watangulie, nikasimama nyuma ya gari la mboga kama mwizi.

Baiskeli ilikuwa imegeuzwa juu chini, imesimama kwa usukani na kiti. Mchuuzi alikuwa amechuchumaa kando yake. Mmoja wao akauliza swali lile ambalo nimeulizwa maisha yangu yote, "Na hii ni ya wapi?"

Mchuuzi alifuta matope pale pedeli zinapopita kwa kidole gumba. Herufi zikatokea, nyeupe pepepe. Hakuwa amezifuta. Alikuwa amezipaka rangi nyeupe, herufi baada ya herufi, ili zisomeke.

"Tuliitengeneza Kiritiri," akasema. "Mimi na fundi mmoja mkali sana. Mimi ndio nilishika paipu."

Mmoja akacheka, akasema mambo ya mbuzi. Mchuuzi akamwambia aende basi na ya kwake hadi mtoni, aone nani atafika na maziwa.

Sikwenda kumwona mtoto. Mwenzangu alinisamehe baadaye, baada ya muda. Nilishuka moja kwa moja hadi Kiritiri, kofia ya kanisa bado kichwani, nikamkuta mdogo wangu ameketi juu ya kopo mbele ya kibanda. Mashine ilikuwa imefunikwa kwa turubai, waya umezungushwa vizuri kwa ajili ya mgeni wa Runyenjes. Nikamweleza yote nikiwa bado nimesimama. Alisikiliza akitazama chini. Nilipofika kwenye herufi nyeupe akaniinulia macho.

"Nyeupe?"

"Nyeupe."

"Na akasema alishika paipu."

"Mbele ya watu wote."

Nikaona kidevu chake kinatetemeka, mtu mzima yule, mwenye sauti ya besi.

"Alishika vibaya," akasema. "Ilikuwa inatingika tu."

Kisha akasimama, akalivuta turubai. Mimi nilikwenda kwa mama kuomba chai na kuushusha ule mfuko kutoka juu ya kabati. Tulikuwa bado tunakunywa tuliposikia mngurumo kutoka barabarani, na ndani yake besi. Mtu wa Runyenjes, aliyekuja kununua mashine, aliikuta ikitumika.